Nur Jahan, malkia wa Mughal aliyepigiwa sarafu kwa jina lake

Katika dola za Kiislamu za kale, raia aliyetaka kujua ni nani hasa anayemtawala alikuwa na alama mbili za kutazama. Ya kwanza ni jina lililotajwa na khatibu katika hotuba ya Ijumaa. Ya pili ni jina lililochorwa kwenye sarafu. Wafalme walioasi, kabla hata ya kupigana vita, walikimbilia mambo hayo mawili: kusomewa hotuba na kupiga fedha yao wenyewe. Ndiposa wafanyabiashara wa Agra, Lahore, Patna, Ahmedabad na bandari ya Surat walikuwa na sababu ya kushangaa pale walipoanza kupokea, katika miaka ya 1620, sarafu za fedha na dhahabu ambazo jina la mfalme Jahangir lilifuatana na jina la mkewe.

Mwanamke huyo hakuwa binti wa mfalme, na wala hakumzalia Jahangir mtoto hata mmoja. Isitoshe, aliingia katika jumba la kifalme akiwa mjane wa umri wa miaka 34, ambao katika zama zile ulihesabiwa kuwa umri wa kulea wajukuu. Lakini kwa muda wa miaka kumi na sita hivi, hadi mwaka wa 1627, hapakuwa na jambo kubwa lililoamuliwa katika dola hiyo iliyoenea kutoka Kabul hadi Bengal pasipo yeye kuwa na mkono ndani yake. Sarafu zake zingali zipo. Baadhi yazo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza jijini London.

Wengi wetu hulijua jumba la Taj Mahal mjini Agra, ambalo mfalme Shah Jahan alilijenga kuwa kaburi la mkewe Mumtaz Mahal. Nur Jahan alikuwa shangazi yake Mumtaz. Ni ajabu ya historia kwamba mpendwa aliyezikwa anajulikana ulimwengu mzima, ilhali shangazi aliyetawala hutajwa zaidi katika hadithi za mapenzi kuliko katika habari za utawala. Makala haya yanamtazama mtawala.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mihr-un-Nisa. Alizaliwa mwaka wa 1577 karibu na Kandahar, njiani, wazazi wake wakiwa safarini kutoka Uajemi kwenda India. Babu yake, Khwaja Muhammad Sharif, alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali ya Wasafawi; alipofariki, nyota ya jamaa ilizimika. Mwanawe, Mirza Ghiyas Beg, akaamua kuhama na mkewe Asmat Begum, aliyekuwa mja mzito, pamoja na watoto wao. Msafara wao ulivamiwa na wezi na wakapoteza karibu kila kitu. Waandishi wa baadaye waliongeza chumvi kwamba mtoto alitupwa chini ya mti kwa sababu ya ufukara, na joka kubwa likamkinga na jua. Hadithi hiyo ni tamu kuisikia, lakini haina ushahidi wa wakati wenyewe.

Walipofika Fatehpur Sikri, mji mkuu wa mfalme Akbar, mambo yaliwageukia. Serikali ya Akbar iliwapenda Waajemi wasomi wenye mwandiko mzuri na hesabu safi, na Ghiyas Beg alikuwa nayo yote mawili. Alipanda cheo baada ya cheo hadi mwaka wa 1595 akawa msimamizi wa fedha wa jimbo la Kabul. Mama naye hakuwa mtu wa kukaa kitako tu. Asmat Begum ndiye anayetajwa na Jahangir mwenyewe, katika kitabu chake cha kumbukumbu, kuwa aligundua atri ya mawaridi alipokuwa akitengeneza marashi na kuona mafuta yakielea juu ya maji moto. Kinamama wetu wa pwani, ambao hawafungi harusi bila marashi na atri, wana deni kwa bibi huyo.

Mwaka wa 1594, Mihr-un-Nisa aliozwa kwa askari wa Kiajemi aliyeitwa Ali Quli Istajlu, ambaye zamani alikuwa akihudumu mezani pa mfalme wa Uajemi. Mwanamfalme Salim, yaani Jahangir wa baadaye, alimpa askari huyo lakabu ya Sher Afgan kwa ushujaa wake mbele ya simbamarara. Wenzi hao walihamia Burdwan katika Bengal, mashariki kabisa mwa dola, na huko wakajaliwa binti mmoja, Ladli. Hatujui mengi kuhusu miaka hiyo. Tunachojua ni namna ilivyokatika. Mwaka wa 1607 liwali mpya wa Bengal, Qutbuddin Koka, aliyenyonya ziwa moja na Jahangir, alikwenda kumkamata Sher Afgan kwa tuhuma za kushirikiana na waasi. Sher Afgan akamuua liwali, na walinzi wa liwali wakamuua yeye papo hapo.

Hapa ndipo hadithi za mapenzi zilipoota mizizi. Ilisemwa, na bado husemwa, kwamba Jahangir alikuwa amempenda Mihr-un-Nisa tangu ujanani, kwamba Akbar alimnyima, na kwamba mauaji ya Burdwan yalikuwa njama ya mfalme ya kumpora mke wa mwanamume mwenzake. Alexander Dow, Mskochi aliyeandika historia ya India mwaka wa 1768, aliieneza hadithi hiyo Ulaya, na mshairi Thomas Moore akaitia nakshi katika utenzi wake wa mwaka wa 1817. Hakuna mwandishi hata mmoja wa siku za Jahangir aliyeitaja, wakiwemo Wazungu waliokuwa Agra ambao hawakuacha umbeya wowote wa jumba la kifalme ukawapita. Fauka ya hayo, mfalme hakumwoa mjane huyo hadi miaka minne ilipopita. Mtu aliyeua kwa mahaba hangoji miaka minne.

Ukweli ni kwamba mwaka huo wa 1607 ulikuwa wa msiba kwa jamaa nzima. Kaka mmoja wa Mihr-un-Nisa alinyongwa kwa kushiriki njama ya kumrejesha mwanamfalme Khusrau, mwana muasi wa Jahangir, na baba yao akatozwa faini ya rupia 200,000 kabla ya kurudishwa kazini. Mjane na bintiye waliletwa Agra, wakawekwa chini ya uangalizi wa Ruqaiya Begum, mjane mkuu wa Akbar.

Inafaa kusimama kidogo katika nyumba hiyo ya wanawake, maana bila kuielewa hatuwezi kumwelewa Nur Jahan. Wamughal walitokana na Timur upande mmoja na Genghis Khan upande mwingine, na katika koo hizo za wafugaji wa Asia ya Kati bibi na mama wakubwa walikuwa na kauli. Utawa ulikuwapo, lakini kutawa hakukuwa kunyamaza. Gulbadan, shangazi ya Akbar, aliongoza kundi la wanawake wa kifalme kwenda hija mwaka wa 1576 na kukaa Uarabuni miaka kadhaa, kisha akaandika historia ya kaka yake Humayun. Salim alipomwasi babake, aliyesafiri hadi Allahabad mwaka wa 1603 kuwapatanisha alikuwa Salima Begum, mke wa Akbar. Mama yake Jahangir alimiliki jahazi kubwa, Rahimi, lililobeba mahujaji na bidhaa katika Bahari ya Shamu. Mwaka wa 1613 Wareno walilikamata karibu na Surat, ingawa lilikuwa na cheti chao cha kusafiria. Ni Wareno wale wale wa Goa ambao wakati huo walikuwa wameshika Ngome ya Yesu huku Mombasa na kuwauzia manahodha wa pwani yetu vyeti vya namna hiyo hiyo. Jahangir alikasirika kiasi cha kuifunga biashara ya Wareno Surat pamoja na kanisa lao la Agra. Kwa hivyo, Mihr-un-Nisa hakuingia mahali ambapo wanawake walikuwa mapambo tu. Kuna waliotangulia kulima shamba hilo. Hata kabla ya Wamughal, Delhi iliwahi kutawaliwa na Sultana Razia, kuanzia mwaka wa 1236 hadi 1240, naye alipiga sarafu zake.

Mwezi Machi mwaka wa 1611, wakati wa sherehe za Nairuzi, jina ambalo wazee wa pwani wangali wanalitumia kwa siku ya mwaka, mfalme alimwona Mihr-un-Nisa katika soko la wanawake wa jumba la kifalme. Mwishoni mwa Mei walioana. Alikuwa mke wa mwisho wa Jahangir, wa ishirini kwa hesabu ya wanahistoria wengi. Akaitwa kwanza Nur Mahal, nuru ya kasri. Na mwaka wa 1616 akaitwa Nur Jahan, nuru ya dunia.

Ndugu zake walipanda pamoja naye. Baba yake, aliyekwisha kupewa lakabu ya Itimad-ud-Daula, akawa waziri mkuu. Kaka yake akawa Asaf Khan, mmoja wa vigogo wa baraza. Bintiye Asaf Khan, Arjumand Banu, aliolewa mwaka wa 1612 na mwanamfalme Khurram, aliyetazamiwa kurithi; huyo ndiye Mumtaz Mahal. Mwanahistoria Beni Prasad, katika kitabu chake cha mwaka wa 1922, aliwachukulia watu hao wanne, yaani malkia, baba, kaka na Khurram, kuwa genge moja lililomweka mfalme mfukoni. Mwanahistoria mwenzake, Nurul Hasan, aliipinga hoja hiyo kwa kuchunguza vyeo vilivyotolewa miaka hiyo na kuona kwamba watu wa jamaa nyingine nao walipanda. Nionavyo mimi, neno genge lina kasoro kubwa zaidi. Linachukulia kwamba mfalme akimsikiliza waziri ni busara, lakini akimsikiliza mke ni kurogwa.

Jahangir hakuwa mjinga. Alikuwa mpenzi wa picha, ndege na miti, mwandishi mzuri na hakimu mkali. Lakini alikuwa mlevi. Yeye mwenyewe anasimulia alivyofikia kunywa vikombe ishirini vya pombe kali kwa siku, na juu ya hiyo alikula afyuni. Pumu ilimtesa. Mwaka wa 1621, matabibu waliposhindwa, anaandika kwamba Nur Jahan ndiye aliyempunguzia vikombe kidogo kidogo, akamzuia vyakula visivyomfaa na kumpa nafuu. Mwaka uliofuata mkono wa mfalme ulidhoofika hata akaacha kukiandika kitabu chake na kumwachia karani wake, Mutamid Khan. Kalamu ya mfalme ilipotua, muhuri wa malkia ulikuwa umekwisha kuzoeleka.

Maana Nur Jahan alitoa hati kwa muhuri wake. Baadhi ya hati hizo zimebakia hadi leo: maagizo kwa maofisa wa majimbo juu ya mashamba, ushuru na haki za watu. Alikuwa na ardhi zake, kama vile wilaya ya Ramsar karibu na Ajmer, ambako alimkaribisha mfalme kwa karamu mwaka wa 1616. Mfanyabiashara Mholanzi Pelsaert, aliyeishi Agra katika miaka ya 1620, anaeleza jinsi maofisa wa malkia walivyokaa Sikandara, ng'ambo ya mto Jumna, wakitoza ushuru bidhaa zilizoletwa kutoka Bengal na milima ya Bhutan kabla hazijavushwa kuingia mjini. Alikuwa na meli zake, na biashara ya nili ilikuwa mojawapo ya vyanzo vya mali yake. Thomas Roe, balozi wa Uingereza aliyefika mwaka wa 1615, alichukua muda kuelewa kwamba anabisha mlango usio wake. Alikuwa akimpa mfalme zawadi na kungoja mkataba, kumbe shauri lilipitia kwa malkia na kaka yake. Hata lile gari la farasi alilolileta kutoka Uingereza lilimalizikia kwa Nur Jahan.

Mali hiyo haikulala sandukuni. Katika Punjab, kwenye njia kuu ya Agra kwenda Lahore, alijenga nyumba ya wasafiri yenye lango la mawe ya nakshi na vyumba kuzunguka ua. Mji uliozaliwa hapo ungali unaitwa Nurmahal. Katika Srinagar alijenga msikiti wa mawe. Kando ya Jumna, Agra, aliwajengea wazazi wake kaburi lililokamilika mwaka wa 1628, dogo, la marumaru nyeupe iliyopachikwa vito vya rangi kwa umbo la maua, mitungi na miti. Anayelitazama anaona kwamba wajenzi wa Taj Mahal hawakuanza na karatasi tupu. Wanahistoria wa zama zile wanamtaja pia kwa kuwalipia mahari na gharama za ndoa wasichana mayatima, ambao hesabu yao hutajwa kuwa 500.

Jambo lililowashangaza watu zaidi, hata hivyo, lilikuwa bunduki. Mwaka wa 1617, wakiwa mawindoni karibu na Mandu, alipiga simbamarara wanne kwa risasi sita, akiwa amekaa katika kibanda juu ya mgongo wa ndovu. Mfalme aliyaandika hayo kwa fahari, akieleza kwamba ndovu hatulii anaponusa simbamarara na kwamba kulenga shabaha kutoka hapo ni kazi ngumu mno. Akamtuza bangili za thamani ya rupia 100,000. Miaka miwili baadaye wanakijiji karibu na Mathura walilia kwamba simbamarara anawala watu na mifugo. Jahangir alikuwa amekula kiapo cha kutoua mnyama kwa mkono wake. Nur Jahan akafyatua mara moja, na mnyama akaanguka.

Mama yake alifariki mwaka wa 1621, na baba yake mapema mwaka wa 1622. Mfalme alimpa Nur Jahan mali yote na watumishi wa marehemu waziri, tena akaamuru ngoma zake zipigwe mara tu baada ya ngoma za mfalme. Msomaji anayejua habari za siwa na ngoma kuu za Pate na Lamu hahitaji kuelezwa uzito wa amri hiyo. Ndipo zikafuata sarafu. Hakuna mwanamke mwingine katika nasaba ya Mughal aliyefikia hapo. Mutamid Khan anasema kwamba alitokeza hata katika roshani ambamo wafalme walijionyesha kwa raia, na kwamba kilichomkosa katika mambo ya ufalme kilikuwa kimoja tu, kusomewa hotuba ya Ijumaa.

Lakini umaarufu huo wote ulisimama juu ya pumzi ya mtu mmoja mgonjwa wa pumu. Nur Jahan alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mfalme akifa, mrithi ni nani, na atamfanya nini? Khurram, ambaye ushindi wake dhidi ya falme za kusini ulikuwa umempatia jina la Shah Jahan, alikuwa hodari na mwenye kiu ya madaraka. (Adui yake mkubwa huko kusini alikuwa Malik Ambar, Mwafrika kutoka Uhabeshi aliyeuzwa utumwani akainuka kuwa mtawala wa Ahmadnagar. Jahangir alimchukia hata akachorwa picha akikipiga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa mkukini. Kwa kweli hakuwahi kumshika.) Mtu kama Shah Jahan hakuhitaji mshauri. Mwaka wa 1621 malkia akamwoza Ladli kwa Shahryar, mwana mdogo wa Jahangir, kijana dhaifu. Toka siku hiyo malkia na Shah Jahan walikuwa mahasimu, na kaka yake, Asaf Khan, akawa kati ya dada na mkwe.

Mwaka wa 1622 mfalme wa Uajemi, Shah Abbas, aliiteka Kandahar. Shah Jahan aliamriwa kwenda kuikomboa. Akaweka masharti, akachelewa, kisha akaasi waziwazi. Waandishi wengi wamemtwika Nur Jahan lawama ya maasi hayo, kwa kuwa mashamba ya Dholpur ambayo Shah Jahan aliyataka alipewa Shahryar. Alichochea, sina shaka. Lakini Shah Jahan hakuhitaji kuchochewa sana: kaka yake Khusrau alikuwa amekwisha kufia mikononi mwake huko Burhanpur mapema mwaka ule ule. Vita vilizunguka nchi kwa karibu miaka mitatu, jemadari Mahabat Khan akimkimbiza muasi kutoka Agra hadi kusini, na kutoka kusini hadi Bengal. Mwaka wa 1626 Shah Jahan alisalimu amri na kuwatuma wanawe Dara na Aurangzeb wawe rehani.

Ushindi huo ulizaa adui mwingine. Mahabat Khan, baada ya kuwa na jeshi na sifa, alionekana hatari. Akatakiwa atoe hesabu ya ndovu na fedha za Bengal, na mkwewe akadhalilishwa kwa kuoa bila idhini ya mfalme. Mwezi Machi mwaka wa 1626, Jahangir akiwa safarini kwenda Kabul, Asaf Khan alivusha karibu jeshi lote ng'ambo ya mto Jhelum na kumwacha mfalme ukingo wa huku na watumishi wachache. Mahabat akatokea na maelfu ya askari wa Kirajput, akalifunga daraja la mashua na kumteka mfalme hemani mwake.

Katika pilikapilika hizo hakumjali malkia, kosa ambalo alilijutia. Nur Jahan aliponyoka akavuka mto, akawaita maamiri na kuwalaumu kwa uzembe wao, kaka yake wa kwanza. Kisha akapanga shambulio la kuvuka. Kivuko chenyewe kilikuwa kibaya, maji ya kina na mashimo, na mistari ya askari ikavurugika kabla haijafika ukingo wa pili. Malkia alikuwa katikati yao juu ya ndovu, na mjukuu wake mchanga akiwa naye. Mishale ikanyesha. Mmoja ulimpata mkononi mwanamke aliyekuwa naye, na Nur Jahan akauchomoa mwenyewe, damu ikiwatapakaa. Ndovu wake alikatwa kwa upanga kwenye mkonga, akageuka na kuogelea kurudi. Asaf Khan alikimbilia ngome ya Attock.

Kushindwa huko hakukumvunja moyo. Alichofanya baadaye ndicho hasa kinachoonyesha kipimo chake. Alikwenda mwenyewe kujisalimisha ili awe karibu na mumewe, wakaenda Kabul wote wakiwa mateka. Huko Jahangir alijifanya kuridhika na Mahabat, hata kumnong'oneza siri za uongo juu ya mkewe, na Mahabat akalegeza ulinzi. Warajput wake wengi waliuawa katika ugomvi na askari wa mfalme kuhusu malisho ya farasi. Nur Jahan, kwa upole, alikuwa akiajiri watu kidogo kidogo, huku towashi wake, Hoshyar Khan, akimletea wapandafarasi 2,000 kutoka Lahore. Walipokaribia Rohtas wakati wa kurudi, mfalme alitangaza gwaride la askari wa malkia na kumwomba Mahabat aweke watu wake mbali ili fujo isizuke. Mahabat akaelewa, akakimbia. Hakuna vita vilivyopigwa siku hiyo.

Lakini muda ulikuwa umemwishia. Mwishoni mwa Oktoba mwaka wa 1627 Jahangir alifariki njiani akitoka Kashmir. Malkia aliwaita maamiri washauriane, hawakuja. Asaf Khan alikuwa amekwisha kuamua. Alimweka dada yake chini ya ulinzi, akawanyang'anya mikononi mwake wale wajukuu wa kifalme aliokuwa akiwalea, akamtawaza Dawar Bakhsh, mwana wa marehemu Khusrau, awe mfalme wa kushikilia kiti tu, na kumtuma mjumbe mbio hadi kusini kwa mkwewe. Shahryar alijitangaza mfalme Lahore, akashindwa, akapofuliwa macho. Januari mwaka wa 1628, kwa amri ya Shah Jahan, waliuawa Shahryar, Dawar Bakhsh na wanawafalme wengine watatu. Mwezi uliofuata Shah Jahan alikalia kiti Agra, na Asaf Khan akawa waziri mkuu. Ladli alikuwa mjane, kama mama yake alivyokuwa Burdwan.

Historia ya miaka hiyo iliandikwa chini ya Shah Jahan. Mutamid Khan mwenyewe alimaliza kitabu chake akiwa mtumishi wa mfalme huyo mpya, naye Kamgar Husaini aliandika chake kwa agizo lake. Ilibidi maasi ya mwana dhidi ya baba yatafutiwe mwenye kosa asiye mwana wala baba, na mama wa kambo alifaa. Ndiyo sababu ningemshauri msomaji wa vitabu hivyo aweke kando sifa na lawama, na aangalie vitu ambavyo havikuandikwa kumpendeza mtu: hati, sarafu, hesabu za ushuru, barua za wafanyabiashara. Ellison Banks Findly katika kitabu chake cha mwaka wa 1993, na Ruby Lal katika chake cha mwaka wa 2018, wamefuata njia hiyo, na picha iliyotokea ni ya mtawala.

Nur Jahan hakuuawa. Alipewa rupia 200,000 kwa mwaka, akahamia Lahore na bintiye, akaishi huko miaka kumi na minane bila kugusa tena siasa. Aliishi kuona mpwawe Mumtaz akifariki kwa uzazi mwaka wa 1631 na Asaf Khan akifariki mwaka wa 1641. Yeye alifariki Desemba mwaka wa 1645, akiwa na umri wa miaka 68.

Alizikwa Shahdara, ng'ambo ya mto Ravi, katika kaburi alilolijenga mwenyewe karibu na lile la mumewe. Marumaru yake ilibanduliwa katika zama za utawala wa Masingasinga, na baadaye Waingereza walipojenga reli waliipitisha katikati ya bustani. Hadi leo kaburi la Jahangir na la kaka yake malkia yako upande mmoja wa reli, na la Nur Jahan liko peke yake upande wa pili. Ladli amelala ubavuni mwa mama yake.